Konzi ya Tatu

Kopo lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na Pi Darthuami akajua papo hapo kwamba kuna hesabu isiyokaa sawa.

Kila Jumatatu mchana yeye na Pi Ngaihi walipita nyumba kwa nyumba kukusanya mchele wa kanisa. Ni desturi iliyoanza na bibi zao waliobatizwa kwanza, na hakuna nyumba ya mtaa ule wa mlimani, ambako bibi huitwa Pi na bwana Pu, isiyoishika: mwanamke akitaka kupika, kabla hajaosha mchele, huchota konzi moja na kuitia kwenye kopo la Bwana lililo karibu na jiko. Nyumba nyingi hutoa konzi moja kwa kila chungu, wawe wanakula wawili au kumi. Nyumba ya Rinsangi, waliyokuwamo sasa, ilikuwa na utaratibu wake. Mama yake, Pi Khuangi, alipokuwa bado na nguvu, aliwafundisha watoto wake kwamba kila anayekula amshukuru Mungu kwa konzi yake mwenyewe. Sasa mama huyo alikuwa kitandani mwaka wa nne, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, na Rinsangi, ambaye aliwalisha wote wawili kwa kushona sare za shule, aliendelea kutoa konzi mbili asubuhi na mbili jioni.

Mbili mara mbili, mara siku saba, ni ishirini na nane. Konzi ishirini na nane za mkono wa Rinsangi zilifika kwenye mkunjo wa pili wa kopo lile la maziwa ya unga. Pi Darthuami alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Mambo ya namna hiyo hakuyatafuta, yalimjia tu. Konzi arobaini na mbili zingefika ukingoni. Wiki iliyopita kopo lilikuwa limekaribia ukingo. Wiki hii lilifika.

Kulikuwa pia na pazia jipya kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Wakati Rinsangi anamimina mchele kwenye mfuko wa kanisa, nyuma ya pazia lile mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamume.

Pi Ngaihi, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda cha mgonjwa, wala hakugeuka. Alikuwa anamsimulia Pi Khuangi habari za nguruwe aliyekata kamba na kuingia kanisani siku ya harusi, na palepale akapaza sauti, akamwiga nguruwe mwenyewe, mpaka mgonjwa akacheka kwa upande wake mmoja wa mdomo. Mwanamke huyo alikuwa hivyo siku zote. Mtaa mzima ulisema mdomo wa Pi Ngaihi hauna kufuli, na waliomaliza tambuu yao walikwenda kwake kwa tambuu na kwa habari pia.

Rinsangi alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Pi Darthuami angeweza kumwuliza jambo pale pale jikoni, na lingechukua muda mfupi kuliko kufunga mfuko. Hakuuliza. Alijiambia kwamba kuuliza ni kumwaibisha msichana mbele ya mama yake.

Jumanne jioni wanawake wa kanisa walikutana kama kawaida. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na taa ziliwaka na kuzimika mara mbili. Pi Darthuami alikuwa katibu wao kwa miaka kumi na tisa. Ilipofika zamu ya kutaja mahitaji ya kuombewa, mmoja alimtaja mumewe mwenye kisukari, mwingine mtihani wa bintiye. Kisha katibu akasimama.

"Tumwombee dada yetu Rinsangi," akasema. "Nyumbani kwake kuna mlaji wa tatu, na si wa nyumba ile. Sisemi zaidi. Bwana anajua."

Wakaomba kama wanavyoomba watu wa kwao, wote kwa pamoja na kwa sauti, kila mmoja na maneno yake. Katika mvumo ule jina la Rinsangi lilisikika kushoto, kulia na nyuma. Pi Darthuami aliketi akiwa ametulia. Hakutukana, hakutaja dhambi, hakuongeza chumvi. Aliwadharau watu wanaoongeza chumvi. Kwake, ulimi mbaya ulikuwa ulimi unaosema uongo, na wa kwake tangu utotoni ulipima kabla ya kusema.

Jumatano mchana mlaji wa tatu alikuwa ameshapata kazi: alikuwa dereva wa lori. Jumatano jioni alikuwa na mke na watoto wawili katika mji mwingine. Alhamisi, dukani pa tambuu, mtu alimwona kwa macho yake akiruka ukuta alfajiri. Wazazi wawili walikwenda kwa Rinsangi kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, wakasema watoto wamepata sare kwingine. Mzazi wa tatu alimwambia msimamizi wa shule ya Jumapili, ambako Rinsangi alikuwa mwalimu, kwamba mtoto wake abadilishiwe darasa, asifundishwe na yule.

Siku hiyohiyo jioni mume wa Pi Darthuami, Pu Chhunga, mmoja wa wazee wa kanisa, alivua viatu mlangoni na kusema kwamba baraza la wazee litakaa Jumamosi. Shauri la Rinsangi lingesikilizwa. Likithibitika, msichana angetengwa na meza ya Bwana, angeondolewa kwenye ualimu wa watoto, na jina lake lingesomwa mbele ya watu Jumapili.

"Wanakutaka wewe ushuhudie," alisema. "Taratibu zinataka shahidi aliyeona mwenyewe. Wengine wote wamesikia kwako."

"Nitakuwepo," alisema mkewe, akatafuta kalamu ili aandike alichokiona, kwa tarehe.

Aliandika Jumatatu mbili, vipimo viwili vya kopo, pazia, kikohozi. Akaandika: si wa nyumba ile. Hapo kalamu ikasimama, kwa sababu upande wa pili wa karatasi, mahali alipozoea kuwataka wanafunzi waonyeshe njia, hakuwa na cha kuandika.

Ijumaa asubuhi Pi Ngaihi alikuja bila kubisha, akaketi jikoni, akamenya popoo kimya. Kwa mtu yule, kimya kilikuwa habari tosha.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "hivi ukiomba huwa unamwambia Mungu asilolijua?"

"Sema unachotaka kusema."

"Nataka kusema wewe ni mjinga. Nimekaa siku tatu natafuta neno lenye adabu, sikulipata." Akatia tambuu mdomoni. "Yule ndani ni Zorema."

Pi Darthuami alimkumbuka mara moja. Zorema alikuwa kaka mkubwa wa Rinsangi, aliyefundishwa na Pi Darthuami darasa la nane, kichwa chepesi kwa hesabu, ambaye miaka sita sasa alikuwa anakula unga wa kulevya. Mwaka uliopita vijana wa mtaa walimkamata, wakamnyoa kwa wembe mkavu na kumfunga kwenye mlingoti wa goli uwanjani kuanzia asubuhi mpaka mchana, ili ajirudi. Baada ya hapo alitoweka, na watu walidhani amekufa.

"Umejuaje?"

"Nilimwona dirishani, kitambo, kabla yako. Kwani unadhani yule nguruwe nilimpigia kelele kwa sababu ya nini?"

"Na hukumwambia mtu yeyote?"

"Mimi?" Pi Ngaihi alicheka bila furaha. "Mdomo wangu hauna mlango, mtaa mzima unajua. Nimesema ya nguruwe, ya harusi, ya meno ya mchungaji. Naropoka kutwa, Mwalimu. Ndiyo maana nimejifunza cha kumeza. Wewe hujawahi kumeza kitu, maana kila usemacho ni kweli."

Pi Darthuami alivaa shali na kushuka ngazi za mtaa peke yake. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, na nyumba zilizojengwa juu ya nguzo kwenye mteremko zilionekana kama hazina chini. Rinsangi alifungua mlango nusu. Alimtazama mgeni wake, halafu akamwachia njia, kama anayemwachia njia afisa aliyekuja na karatasi.

Safari hii pazia lilikuwa wazi. Zorema alikuwa ameketi kwenye godoro akiwa amejifunika mablanketi mawili, mifupa ya mashavu imetokeza. Alipomwona aliyeingia, aliweka mkono ukutani na kusimama, kama darasa zima lilivyokuwa linasimama zamani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Hesabu yako ilikuwa sahihi. Tuko watatu."

Pi Darthuami alimwomba aketi.

Rinsangi alimweleza kwa sentensi fupi, huku anakunja vitambaa. Kaka yake alirudi kwa miguu yake mwenyewe wiki mbili na nusu zilizopita, akasema amechoka. Siku tano za kwanza za arosto, yale maumivu ya kukosa unga, alijisaidia na kutapika pale pale, na mama yao alisikia yote kutoka kitandani. Sasa yaliyo mabaya zaidi yalikuwa yamepita. Nyumba moja ya tiba, katika mji ulio mbali na mtaa ule, ilikuwa imekubali kumpokea Jumatano inayokuja, nafasi itakapopatikana. Zilibaki siku tano.

"Sasa nieleze," alisema Pi Darthuami, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia. "Ulikuwa unamficha. Mbona ulitia konzi ya tatu?"

Rinsangi alimshangaa.

"Alikula, Mwalimu. Aliyekula anatoa."

Nje mtu alipita, akapiga mluzi kuelekea dirishani na kuuliza dereva ameegesha wapi lori. Wenzake wakacheka. Zorema aliinamisha kichwa magotini.

Pi Darthuami alisema kwamba kesho atasimama mbele ya baraza na kueleza ukweli wote, kwamba aliyemo ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba jina la Rinsangi litasafishwa kabla ya Jumapili. Alikuwa anapanga tayari aanze na lipi.

"Ukweli upi?" Rinsangi aliuliza. "Ukisema ni kaka yangu, mimi nitakuwa safi, na yeye atakuwa uwanjani Jumapili asubuhi. Hamtamgusa ninyi wazee, najua. Mtasikitika tu." Aliweka kitambaa chini. "Futa ulichosema. Usiweke kingine mahali pake. Unaweza?"

"Hawatanielewa."

"Hata mimi hawanielewi."

Usiku ule Pi Darthuami hakumwambia mumewe kitu. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka thelathini na minne, na aligundua kwamba kunyamaza kwa ajili ya mtu mwingine ni kazi, na kwamba hakuwahi kuifanya.

Baraza lilikaa Jumamosi saa nane, katika chumba cha nyuma ya kanisa, wanaume tisa na chai ya rangi. Mchungaji aliomba. Pu Sangzela, aliyekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu kuliko wote na mlinzi wa taratibu, alimtaka shahidi aeleze.

Pi Darthuami alisimama bila karatasi.

"Niliona mchele kwenye kopo," alisema. "Nilisikia mtu akikohoa. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo Jumanne. Mengine niliyaweka mimi. Nilisema mlaji wa tatu si wa nyumba ile, na hilo sikuwa nalijua. Sikumwuliza mwenye nyumba. Nililipeleka kwenye maombi kwa sababu huko hakuna anayekuuliza umejuaje. Nalifuta, na ninaomba msamaha."

Pu Chhunga alikuwa anatazama kikombe chake.

"Mwalimu," alisema Pu Sangzela kwa upole, "tufupishe. Mtu yumo au hamo?"

"Sikuja kushuhudia hilo."

"Basi unajua."

"Najua kwamba Jumanne sikujua. Baraza liliniita kwa maneno ya Jumanne."

"Unamkinga."

"Andikeni mnavyoona," alisema. Aliona wazi wanavyomwangalia: mwanamke aliyesema jambo, kisha akaogopa, au akahongwa, au akazeeka. Miaka hamsini na tisa alikuwa anaweka akiba ya kuaminiwa, na ilitoka yote kwa dakika zisizofika kumi. Mzee mmoja alinong'ona kwamba katibu wa wanawake anapaswa kuwa mtu wa msimamo. Mchungaji alisema kwamba bila shahidi hakuna shauri, na taratibu zilikuwa upande wake, hivyo shauri likaanguka. Kisha wakakubaliana, bila kupiga kura, kwamba Pi Darthuami apumzike ukatibu kwanza.

Njiani kurudi Pu Chhunga alimwuliza mkewe ni nini hasa kilichotokea. Akamjibu kwamba hawezi kumwambia. Mumewe alitembea mbele yake mpaka nyumbani.

Jumapili jina la Rinsangi halikusomwa. Alikuja kanisani, akaketi mahali pake pa siku zote, na benchi lile, linalobeba wanawake sita, lilibeba yeye na Pi Ngaihi.

Jumatatu walipita kukusanya mchele. Pi Darthuami alilipokea kopo kwa mikono miwili na kutazama ndani. Mchele ulikuwa juu ya mkunjo wa pili, lakini chini ya ukingo. Hakutaka kupiga hesabu. Ilikuwa imeshajipiga yenyewe: konzi tatu mpaka Ijumaa jioni, mbili tangu Jumamosi.

Safari hii aliuliza.

"Aliondoka saa ngapi?"

"Jumamosi alfajiri," alisema Rinsangi. "Ijumaa usiku walikuja wanne getini, wakaimba wimbo wa kumcheka dereva. Mama alikuwa analia. Yeye akasema, 'Nikibaki mpaka Jumatano watakumaliza.' Nilipoamka godoro lilikuwa limekunjwa."

"Amekwenda kule kwenye tiba?"

"Nimepiga simu. Hajafika."

Saa nane ya Jumamosi, basi, wakati yeye amesimama mbele ya wanaume tisa akifuta neno lake, chumba cha nyuma kilikuwa kitupu tangu alfajiri. Pi Darthuami alitafuta cha kusema. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kujisaidia mwenyewe. Aliyaacha. Pi Ngaihi alikwenda kwenye kitanda cha mgonjwa, akaketi, akamshika ule mkono ulio hai, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hadithi.

"Jumanne mtakutana," Rinsangi alisema akifunga mfuko. "Tafadhali, msituombee."

Jumanne Pi Darthuami alisimama, akawaambia wanawake yaleyale aliyoliambia baraza, bila kupunguza na bila kuongeza. Mtu mmoja aliuliza kama dereva ameshakimbia. Hakujibu. Kisha katibu mpya, mwanamke kijana mwenye mwandiko mzuri, akapendekeza wamwombee dada Darthuami, anayepita katika majaribu ambayo Bwana anayajua. Wakaomba wote kwa pamoja, kwa sauti, na akalisikia jina lake kushoto, kulia na nyuma. Aliketi katikati ya mvumo ule akiwa ameshika ncha za shali. Kila neno alilolisikia lilikuwa la upendo, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo.

Jumatano ilipita. Nyumba ya tiba ilimpa mtu mwingine kile kitanda. Mwezi ukaisha, Zorema hajaonekana, wala maiti yake haijaonekana, na baadhi ya watu wa mtaa bado walisema dereva.

Ukusanyaji wa mchele ulipewa watu wengine. Jumatatu moja katibu mpya alifika jikoni kwa Pi Darthuami, akasalimia kwa heshima, akainua kopo. Mkono ukashuka kidogo. Aliliangalia kopo, akamwangalia Pi Darthuami, kisha macho yakapita begani kwake kuelekea vyumba vya ndani. Nyumba ile ilikuwa ya watu wawili, na kila mtu alijua kwamba siku zote ilitoa konzi moja kwa chungu.

"Pi Darthuami, mmezidi," alisema akitabasamu. "Mna mgeni?"

Pu Chhunga aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti. Kwa wiki nne alikuwa amemwona mkewe akichota konzi ya kawaida, kisha nyingine, kama ya mlaji asiyekuwapo, akikawia kidogo kabla ya kuiachia koponi. Alikuwa ameuliza mara moja, akaacha.

Pi Darthuami alishika mdomo wa mfuko ili mchele usimwagike.

"Mimina," alisema.

Katibu mpya akamimina, taratibu, akitazama mchele unavyoshuka.